Mwanamke wa Majivu

Mwaka ule korosho zilipopanda bei, kila mtu kule juu Newala alikumbuka ghafla kwamba ana shamba la ukoo.

Miaka ishirini na kitu mikorosho ilikuwa imeachwa huko porini, imezongwa na vichaka, maua yananyauka kwa ugonjwa wa ubwiri, na hakuna aliyehangaika nayo. Mwaka wa sabini na nne watu walihamishiwa vijijini, nyumba zikapangwa mistari kama madawati, na kule walikotoka kukawa mahame. Halafu ikaja ruksa ya biashara. Malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kupanda kutoka Masasi na Mtwara, yanapiga honi tangu kwenye kona, na wazee waliokuwa hawafiki msikitini bila fimbo wakaonekana asubuhi na mapanga mkononi, wanatafuta mipaka.

Mahame yote yakarudiwa, isipokuwa sehemu moja.

Ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kijijini, karibu na pale mlima unapokatika ghafla na njia inashuka kwenda kwenye maji. Mikorosho yake minene mno, mabibo yanaanguka yanaoza chini hadi nyuki wanalewa. Ila hakuna mwanamke aliyekanyaga pale. Pale alikuwa anakaa Mwanamke wa Majivu.

Hadithi yake kila mtoto aliijua. Huyo mwanamke alitokea ng'ambo ya Ruvuma, hana ukoo, hana ndugu. Alikuwa mchawi, kamla mwanawe mwenyewe, radi ikampiga ndani ya nyumba yake akaungua mpaka mifupa. Sasa anatembea mchana kweupe, kipande cha mti, ndonya, kimepachikwa kwenye mdomo wa juu, hasemi neno. Anakunyooshea mkono tu. Ukiushika umekwisha, unageuka majivu kuanzia kwenye kucha. Kina mama waliowahi kwenda kutafuta kuni upande ule walimwona kwa macho yao, wakarudi kijijini bila kuni na bila kandambili.

Mtu mmoja tu alikuwa anavuna pale, Mzee Hamudi. Vibarua wake waliingia na kutoka na magunia, na Mwanamke wa Majivu hakuwagusa. Watu wakiuliza, Mzee Hamudi anasema, "Mimi nimeshaongea naye." Basi. Nani angembishia? Zamani alikuwa balozi wa nyumba kumi, na mpaka leo ndiye aliyeshika mambo ya jando pale kijijini.

Sasa mwezi wa tisa mwaka huo, akaja Agatha kutoka Lulindi na kijana wake Gervas, godoro moja na kuku wanne, akasema lile shamba ni la mama yake.

Gervas hakutaka kuja. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, matokeo yake hakupenda yaongelewe, na miguu ilikuwa inamwasha kwenda mjini. Wenzake wawili walishafika Dar, mmoja anauza mitumba, mwingine hajulikani anafanya nini lakini ana saa ya mkononi. Yeye anapelekwa juu ya mlima kufyeka vichaka! Kila akikasirika alikuwa na tabia ya kukunja vidole, vikalia ko, ko, ko, kimoja kimoja mpaka cha mwisho, na mama yake anamwambia, "Vidole hivyo vitakuja kukatika, nakuangalia tu."

Mzee Hamudi alikuwa mjomba wake Agatha, kaka wa tumbo moja na mama yake, marehemu Stamili. Kwa Gervas, basi, ni babu. Agatha alikwenda kumsalimia siku ya kwanza tu, akapiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Lulindi kuna chakula, eeh?"

"Tunakula, mjomba. Nimekuja kwa ajili ya shamba la mama."

Mzee akacheka, akamgeukia Gervas. "Na huyu mume mwenzangu? Amesoma mpaka amemaliza vitabu, halafu unamleta ashike panga?"

"Atashika," Agatha akasema. Hakucheka.

Wakakalishwa kwa mwenyekiti wa kijiji, Nathanaeli, mtu mmoja mpole anayeogopa kukosana na yeyote. Mzee Hamudi akasema yeye ndiye mkubwa wa ukoo, amelitunza lile shamba, na hata hivyo lina mwenyewe, yule mama wa pale, anayeingia bila ruhusa yake atajuta. Agatha akasema kwao shamba linakwenda kwa tumbo, kutoka kwa mama kwenda kwa mwanawe, yeye ndiye tumbo pekee aliloacha mama yake, na anaomba aingie akatambike mbele ya watu. Nathanaeli akakuna kichwa. Mwisho akatoa uamuzi wa mtu mwoga, ambao wakati mwingine ndio unaofaa: Jumamosi jioni, saa kumi, Agatha aende na mashahidi, amwage unga. Mwenye pale akimwacha, shamba ni lake. Mwenye pale akimfukuza, arudi Lulindi na asilitaje tena.

"Bibi yangu alikufaje, kwani?" Gervas alimuuliza bibi mmoja jirani, Regina, walipokuwa wanakunywa uraka wa mabibo chini ya banda lake. Mwenyewe alikuwa anajua jibu moja tu la nyumbani: bibi alikufa mwaka wa kuhamia vijijini. Ukiuliza zaidi, mama anainuka kwenda kuangalia moto.

Regina akatazama ndani ya kikombe. "Kunywa, mume wangu. Uraka ukikaa unakuwa mkali."

*

Alhamisi Mzee Hamudi akamwita Gervas nyuma ya nyumba, peke yao.

"Lori la tajiri linashuka Mtwara Jumatatu," akasema. "Wanataka karani, mtu anayejua kusoma mizani na kuandika. Nimewaambia nina mjukuu."

Gervas akasogea karibu. "Kweli, babu?"

"Mimi nilishakudanganya? Lakini Jumamosi kuna kazi ya kwetu wanaume."

Akaingia stoo, akatoka na gunia. Ndani ya gunia mna majani makavu ya tumbaku ya kuzuia wadudu, na ndani ya tumbaku kikatoka kichwa.

Wengine kule Dar wanaona vinyago madukani wanadhani ni mapambo. Lipiko, kinyago cha jando, si pambo. Ni kichwa kizima cha mti kilichotobolewa ndani, unakivaa kama kofia ya chuma, unachungulia kwa tundu la mdomo. Mwili mzima unafunikwa nguo, mikono inavalishwa soksi, pasionekane hata kidole. Halafu unatoka mbele za watu, na kuanzia hapo wewe si mtu. Wewe ni mfu aliyerudi. Wanawake na watoto wanaambiwa hivyo, wanakimbia wanapiga kelele. Mwanaume ukishatoka jandoni unajua ndani kuna nani, na umeapa. Wanawake nao wanajua. Hakuna mwanamke aliyekula na kulala na wanaume miaka yote asijue. Lakini hasemi. Mwanamke akisema kwamba lipiko ni fulani, ameutukana ukoo mzima, na mambo yake hayawi mazuri tena. Na lipiko lenyewe halisemi. Mfu hana sauti.

Gervas alikuwa ameingia jandoni hukohuko kwao Lulindi, likizo ya darasa la tano. Kwa hiyo alielewa mara moja Mwanamke wa Majivu ni nini, na kwa nini kina mama walikuwa wanaacha kandambili.

"Kumbe ni wewe, babu!"

"Nilikuwa mimi. Sasa magoti." Mzee akapangusa uso wa kile kichwa kwa kiganja, taratibu, anakwepa macho. Ulikuwa uso wa mwanamke, paji pana, ndonya mdomoni, chale mashavuni. Nywele zilikuwa za kweli, zimegandishwa kwa nta. Gervas akauangalia akaona kitu asichokipenda. Ule uso ulikuwa umekunja nyusi vilevile kama mama yake anapomwambia atakuja kukatika vidole.

"Ulichonga mwenyewe?"

"Mwaka wa sabini na tano."

"Ulikuwa unamfuatisha nani?"

"Mtu tu," Mzee akasema. "Mwanamke wa ng'ambo. Sikiliza. Mama yako akishamwaga unga, mimi nitakohoa. Unatoka kichakani na fimbo. Usimuumize, mguse mgongoni tu mara moja, wote wameona. Ameshakataliwa, anarudi kwake kwa amani. Pale ni pabaya, Gervas. Nyoka watupu. Mimi namwonea huruma."

Gervas akakunja vidole. Ko, ko. Aliwaza mikorosho, kuinama kuokota korosho kuanzia mwezi wa kumi mpaka Krismasi, kila mwaka, mpaka azeeke. Aliwaza lori. Na kumkatalia mkubwa wa jando kinyago, hilo nalo mtu unaanzia wapi?

"Sawa, babu," akasema.

*

Jumamosi alfajiri aliamka akakuta mama yake hayupo. Alirudi jua likiwa limeshapanda, amechoka, miguu ina vumbi jekundu mpaka magotini, ndoo ya maji kichwani.

"Umetoka wapi?"

"Chini."

"Chini wapi? Kisimani? Mama, si kuna bomba hapo shuleni?"

"Haya si ya bomba," akasema, akaifunika ndoo kwa majani.

Saa kumi Gervas alikuwa ameshavaa. Jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya nguo, ule mti unamkwaruza shingo, harufu ya tumbaku inamtekenya pua. Alijificha nyuma ya kichaka cha mianzi, fimbo mkononi, anaiona dunia kwa tundu moja dogo lenye umbo la mdomo.

Wakaja. Mbele mama yake, ndoo kichwani, kanga nyeusi. Nyuma yake kina mama kama kumi, wamebanana, Regina akiwa wa kwanza kwa sababu ya udaku zaidi kuliko ushujaa. Nyuma kabisa wanaume, Nathanaeli mwenyekiti, Mzee Hamudi na kofia yake nyeupe. Agatha alikwenda moja kwa moja bila kuonyeshwa njia. Chini ya mkorosho mkubwa kulikuwa na mawe matatu ya jiko, meusi, yamezama nusu ardhini. Akapiga magoti. Akatoa unga wa mtama kwenye kitambaa, akauacha udondoke polepole katikati ya vidole, mpaka ukasimama kama kichuguu kidogo cheupe. Pembeni ya unga akaweka bangili ya shaba, imepinda, upande mmoja imeyeyuka.

Mzee Hamudi akakohoa.

Gervas akatoka.

Kelele zilizopigwa pale, we acha. Kina mama walitawanyika kama vifaranga, Regina akateleza kwenye mabibo akaanguka chali, akainuka na juisi mgongoni, akakimbia tena mpaka kwenye mti wa tatu, akasimama huko kuchungulia. Gervas akachezesha mabega kama alivyofundishwa, akainua fimbo, akamwendea mama yake.

Mama yake hakukimbia. Aligeuka palepale magotini, akakitazama kile kichwa cha mti usoni, akaweka viganja pamoja.

"Shikamoo, mama."

Fimbo ikabaki hewani.

"Mama, nimechelewa," Agatha akasema. "Ulinituma maji. Nilikwenda, kule chini kulikuwa na foleni, nikalala kisimani nisubiri zamu. Niliporudi hakuna nyumba." Akashusha ndoo, akaisogeza mpaka miguuni kwa Gervas. "Maji yako haya. Nimeyachota palepale."

 Hata nyuki unawasikia.

"Mwenyekiti," Agatha akaita bila kugeuka, "huyu ndiye mwenye pale mliyeniambia?"

Nathanaeli akawatazama wanaume wenzake. Angesema nini? Mwanaume gani angesimama mbele ya kina mama aseme hapana, huyo si mfu, ni mtu kavaa mti? "Ndiye," akasema.

"Mjomba, ndiye?"

 Mzee Hamudi akakohoa tena, kwa nguvu. Piga.

"Basi kama ndiye, mimi namfahamu," Agatha akasema. "Wengine wanasema katoka ng'ambo, hana ukoo. Huyu ni Stamili. Mimi ndiye mwanawe anayesemwa kaliwa. Sikuliwa. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nilikwenda kuchota maji."

Ndani ya kichwa cha mti, Gervas alilirudia lile jina. Stamili. Alikuwa amemvaa bibi yake.

"Mama, nakueleza wewe, wengine wasikie. Baba alikuwa amekufa, ulikuwa umekaa eda. Hapo ndani, kwenye chumba cha nyuma. Kwetu mwanamke wa eda hapazi sauti. Hatoki mpaka siku zitimie, na zikitimia kaka yake anakuja anamshika mkono, anamvusha kizingiti. Pasipo mkono wa kaka hatoki. Ndivyo tulivyofundishwa. Wakaja mgambo na tangazo, Ijumaa kila nyumba iwe tupu. Niliporudi na maji nikaona moshi tu. Mjomba akaniambia umepelekwa hospitali. Nikaenda hospitali Newala kwa mguu, nikauliza kitanda kwa kitanda. Nikarudi nikachakura majivu, nikapata hiyo." Akagusa bangili. "Nikanyamaza. Mtoto atasema nini?"

Mzee Hamudi alikuwa amevua kofia, anaikunja.

"Mwaka jana kuna mtu anaitwa Edmund alilazwa kule kwetu, mapafu yameisha. Akaniita. Alikuwa mgambo siku ile. Akasema hawezi kufa bila kuniambia. Akasema kamanda alisimama hapo mlangoni akauliza, 'Balozi, humo ndani kuna mtu?' Na balozi akajibu, 'Hamna mtu.'"

Hakuna aliyemtazama Mzee Hamudi. Wote waliangalia chini, na ndipo Gervas, anayechungulia kwa kile kitundu, akajua kwamba wote walikuwa wanajua. Regina kule nyuma ya mti alikuwa analia, na hakulia kama mtu aliyesikia habari mpya. Wakubwa wote wa kijiji walijua. Wakaona afadhali wawape watoto mchawi wa ng'ambo na radi.

"Ulimsikia, mama," Agatha akasema. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo sana. "Ukuta wa udongo, lazima ulimsikia. Sauti ya kaka yako ipo mlangoni. Ulikuwa unangojea mkono."

Akainamisha kichwa, akakipa kinyago mgongo.

"Sasa wewe amua. Kama shamba ni la mjomba, nipige nitoke."

Mzee Hamudi hakukohoa mara ya tatu.

Gervas alikuwa na vitu vingi vya kufikiri lakini hakufikiri hata kimoja. Vidole vyake vilijikunja vyenyewe ndani ya soksi. Ko. Ko. Ko. Katika ule ukimya ilisikika vizuri kabisa, na akaona mgongo wa mama yake unashtuka, halafu unatulia. Hakugeuka. Hakusema kitu.

Fimbo ikaanguka. Gervas akageuka kule walikokuwa wanaume, akanyoosha mkono.

Akaunyoosha tu, kiganja juu, kama mtu anayesubiri kushikwa. Kina mama wakaguna, maana hii ndiyo waliyoambiwa tangu utotoni, mkono ule. Nathanaeli akarudi nyuma hatua mbili. Mzee Hamudi akabaki peke yake.

Hakuwa anamtazama Gervas. Mzee alijua fika mle ndani kuna nani, alimvalisha kwa mikono yake mwenyewe, alimfunga soksi. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ule uso aliouchonga kwenye mti mwaka wa sabini na tano.

Akaja. Alitembea kama anapita kwenye matope. Akaushika mkono.

"Dada," akasema. "Nilitaka kuja jioni. Nyumba zote za watu wangu zilishahama, ya dada yangu bado, na mimi ndiye balozi. Waliniambia nitafungwa. Nikasema hamna mtu ili waondoke. Nikasema wakiondoka nitakuja jioni nikutoe. Sikujua walikuja na moto."  "Hukulia hata kidogo. Nilisimama hapo nje nikajisemea, ukilia nitasema. Hukulia."

Gervas alitaka kusema babu, basi. Hakuwa na sauti. Mfu hana sauti.

"Toka," Mzee Hamudi akasema, akamvuta mkono, akamvusha pale kati ya mawe na mkorosho, mahali palipokuwa na mlango. Kisha akamwachia, akaenda zake kwa njia ya kijijini bila kofia.

Nathanaeli alikohoa, kikohozi chake cha kawaida. "Mwenye pale ameonekana," akasema. "Shamba ni la Mama Gervas."

*

Gervas alijivua kichakani peke yake. Hakuna aliyekuja kuchukua kinyago. Alikirudisha kwenye tumbaku, akakitia guniani, akakificha anapojua mwenyewe.

Nyumbani mama yake alikuwa ameweka maji ya moto. Alioga, akatoka, akakaa kwenye kigoda. Shingo ilikuwa imechubuka pande zote mbili, nyama nyekundu. Mama akaja na kichupa cha mafuta ya nazi, akasimama nyuma yake, akampaka taratibu, kushoto, kisha kulia. Hakuuliza umefanya nini shingo. Gervas hakueleza. Alipomaliza akamkabidhi sahani ya ugali na kisamvu, akakaa mbali kidogo na kumtazama anavyokula.

Jumatatu lori la tajiri lilishuka Mtwara na karani mwingine.

Mzee Hamudi tangu siku ile hakutoka chumbani. Si ugonjwa. Alikaa chini kwenye mkeka, chumba cha nyuma, mlango wazi, hasemi na mtu. Mkewe akimpelekea uji anakunywa. Shehe akaja, akaondoka. Akaja mganga, akapiga chafya akaondoka. Mtu akisimama mlangoni, Mzee ananyoosha mkono nje ya giza, kiganja juu, na mtu akiushika amtoe anautoa, anatikisa kichwa. Si huo. Kijiji kizima kikaelewa ni mkono wa nani anaoutaka. Mtoto aliyeachwa na dada yake ni mmoja.

Na njia ya shambani inapita palepale. Agatha alipita kila asubuhi na gunia tupu, kila jioni na gunia limejaa, Gervas nyuma yake na la kwake. Mkono ukinyooshwa alikuwa anauona. Siku moja mwezi wa kumi na mbili alisimama. Alitua gunia chini, akasogea mpaka kizingitini, akakitazama kile kiganja cheupe, kucha ndefu. Gervas akadhani sasa.

"Mama," akamwambia polepole, "ni mkono tu."

"Najua," Agatha akasema.

Akajitwika gunia lake.

Mzee Hamudi alitoka mwezi wa pili, amebebwa na wanaume wanne kwenye jeneza la msikitini. Agatha alikwenda msibani, akapika, akaosha vyombo vyote.

Mwezi wa tatu walipeleka magunia ya mwisho ya mavuno Masasi wenyewe, juu ya lori, maana walisikia chini kuna bei. Pale stendi, wakisubiri lori la kurudi, kina mama wawili wauza mihogo walikuwa wanapiga soga, na mmoja anatoa macho: kule juu Newala kuna jini la kike, bibi mbaya huyo, wa ng'ambo ya Ruvuma, juzijuzi kamshika mkono mzee wa watu aliyekuwa anavuna korosho zake kwa amani, mzee kakauka ulimi, kafa. Kamla na mwanawe! Mwenzake anasema hee, wanawake wengine wana roho gani lakini.

Gervas damu ikampanda. Akainuka. Alitaka kuwaambia ana jina, anaitwa Stamili, alikaa eda, hakumla mtu. Halafu akakumbuka angeulizwa umejuaje, na ameapa. Akabaki amesimama, anakunja vidole. Ko, ko.

Mama yake akamvuta shati, akaketi.

"Waache," akasema, anamenya muhogo wake. "Wakiogopa hawaji kuiba korosho."

"Lakini mama, ni uongo."

"Mjomba aliutumia miaka ishirini. Ulimfaa." Akatafuna, akameza. Alikuwa anaangalia ile milima ya mawe ya Masasi, nyusi amezikunja, na Gervas akauona tena uso ule wa mti, ndonya tu ndiyo haipo. "Mwezi wa kumi tutaanza kuokota tena. Vijana wa kijijini wameshaanza kupaona pale pazuri."

Gervas akaacha kukunja vidole.

"Bibi yako anakusikiliza wewe," Agatha akasema. "Mwambie aje tena."